Maabara na Jino la Mkulima

Kuna swali ambalo wazazi wa Rubwera na vijiji vyake wana haki ya kuuliza, nasi twaona si vyema kulipuuza. Wanauza kahawa yao, wanachanga, wanakopa, ili mtoto aende kusoma Chuo Kikuu, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani. Kisha siku za likizo mtoto hurudi na kuwaeleza kwamba kazi aliyopewa mwaka ule ni kukusanya mate ya watu, kuyapanda katika visahani, na kuhesabu vijidudu viotavyo humo. Mzazi husikiliza kwa heshima, lakini moyoni hujiuliza: Je, ndiyo kahawa yetu iliyokwenda kununua mate?

Swali hilo si la kejeli. Ni swali la mtu afanyaye kazi kwa mikono yake na atakaye kujua jasho lake limekwenda wapi. Leo tungependa kulijibu.

Tunaitaja Rubwera kwa makusudi. Rubwera ni makao ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ni nchi ya migomba, maharage na kahawa, karibu na mipaka ya Uganda na Rwanda, mbali na maabara kubwa za taifa. Mtu wa huko akiumwa jino usiku wa manane hafikirii maabara. Hufikiria karafuu, maji ya chumvi, vidonge vya dukani, na mwishowe koleo la kung'olea. Ikiwa elimu ya maabara haina faida yo yote kwa mtu huyo, basi wazazi wana haki ya kulalamika. Lakini ikiwa ina faida, nasi twaamini kwamba inayo, ni wajibu wa wasomi kuifikisha kwake kwa lugha aielewayo.

MDUDU WA JINO

Kila mahali katika Afrika ya Mashariki husemwa kwamba jino lililotoboka limeliwa na mdudu. Wapo hata waganga wanaodai kwamba wanaweza kumtoa mdudu huyo kwa moshi au kwa dawa ya majani. Imani hiyo si ya Waafrika peke yao. Ulaya iliishi nayo kwa karne nyingi, hata tabibu wa Ufaransa, Pierre Fauchard, alipoikataa katika kitabu chake cha mwaka 1728.

Lakini twasema wazee hawakukosea sana. Mdudu yupo, ila si funza, wala haonekani kwa macho. Mwaka 1683 mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, mtu asiye na shahada ya chuo cho chote, alikwangua ukoga mweupe wa meno yake mwenyewe. Akauweka mbele ya lenzi alizozisaga kwa mikono yake, akaona viumbe vidogo mno vikienda huku na huku. Akawaandikia wataalamu wa London habari hiyo, nao wakastaajabu. Basi mate na ukoga viliingia katika elimu ya dunia zamani sana, kabla ya mtoto wa mkulima wa Karagwe kuvishika.

Baada ya hapo elimu ilikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alieleza katika kitabu chake kwamba bakteria wa kinywani hugeuza mabaki ya chakula kuwa asidi, na kwamba asidi hiyo ndiyo ilayo jino. Mwaka 1924 J. Kilian Clarke wa London alimtenga bakteria mmoja kutoka katika meno yaliyooza, akamwita Streptococcus mutans. Na mwaka 1960 Paul Keyes, huko Marekani, alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba ugonjwa wa kuoza meno waweza kuambukizwa kutoka mnyama mmoja hata mwingine.

Jinsi adui huyo afanyavyo kazi si jambo gumu kulielewa. Bakteria hukaa katika ukoga ulioshikamana na jino. Tulapo sukari, wao nao hula. Kwa sukari hiyo hutengeneza vitu viwili: gundi ya kuwashikamanisha na jino, na asidi. Asidi ikizidi, hadi kipimo chake kikashuka chini ya 5.5 hivi, madini ya gamba gumu la jino huanza kuyeyuka. Mate hufanya kazi ya kuizimua asidi hiyo na kurudisha madini, lakini huhitaji muda, kama nusu saa hadi saa moja. Mtu anywaye chai ya sukari asubuhi, soda saa nne, biskuti saa sita na chai tena alasiri, hayapi mate yake nafasi ya kumaliza kazi. Jino hushindwa kidogo kidogo, na siku litobokapo mwenyewe hudhani kwamba ugonjwa umeanza siku ile.

KAZI YA VISAHANI

Sasa tuingie katika maabara. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza nchini mwaka 1979, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo yamo katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kijana anayejifunza kutafiti bakteria wa meno, awe huko au katika chuo kingine, hufuata taratibu zinazofanana duniani kote.

Kwanza huomba ridhaa ya wale watakaotoa mate au ukoga. Kisha hupanda sampuli hiyo katika kisahani chenye chakula cha bakteria, kilichochanganywa na sukari nyingi na dawa inayozuia bakteria wengine wasiotafutwa. Kisahani huwekwa katika joto la nyuzi 37 za Sentigredi, joto la mwili wa binadamu, katika hewa iliyoongezwa kaboni dioksaidi, kwa muda wa siku mbili hivi. Kisha mwanafunzi huhesabu. Kila kituta kidogo kilichoota ni ukoo uliotokana na bakteria mmoja au kikundi kidogo cha bakteria.

Hapo ndipo wanapoingia virusi. Wengi wetu tukisikia neno virusi twafikiri maradhi ya watu tu. Kumbe viko virusi ambavyo havimdhuru mtu bali huwashambulia bakteria. Mwingereza Frederick Twort aliandika habari zake mwaka 1915, na Félix d'Hérelle, akifanya kazi Paris, aliviandika mwaka 1917 na kuviita bakteriofaji, yaani walaji wa bakteria. Ili kuvitafuta, mtafiti huyapitisha mate katika chujio lenye matundu madogo mno. Bakteria hunaswa, virusi hupita. Maji yaliyochujwa huchanganywa na bakteria wa meno na kumwagwa juu ya kisahani. Kesho yake, ikiwa virusi vimo, katika utando mweupe wa bakteria huonekana madoa maangavu, kama shamba lililoingiliwa na nzige. Hapo bakteria wamekufa. Kando yake huwekwa kisahani kisichotiwa virusi, nacho ndicho shahidi: kama hicho nacho kina madoa, kazi yote ni batili na yapasa kuanza upya.

Si kazi rahisi. Virusi vinavyomwua Streptococcus mutans ni adimu. Watafiti wa Marekani walieleza habari za virusi vya namna hiyo mwaka 1993. Mwaka 2015 watafiti wa Ireland walitangaza kupata kingine kutoka katika mate ya watu, na mwaka 2021 wengine wa Jerusalem wakatangaza chao. Mwanafunzi aweza kukesha miezi mingi asipate hata doa moja. Akiandika kwa uaminifu kwamba hakupata, amefanya kazi ya kweli. Akichora doa ambalo halikuwapo, amewaibia wazazi wake na taifa lake pia.

Twaomba jambo moja lieleweke vizuri. Mpaka leo virusi hivyo si dawa ya meno iliyothibitika kwa watu. Ni matumaini ya maabara. Kinywa kina bakteria wa aina nyingi, na wengi kati yao huweza kutengeneza asidi. Ukimwua mmoja, mwingine aweza kuichukua nafasi yake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, atakayekuja gulioni kukuuzia chupa ya virusi vya kuponya meno, mwulize maswali, tena umwulize mbele ya watu.

BAKTERIA AU SUKARI?

Huenda mtu akasema: ikiwa dawa bado, faida iko wapi? Tutamjibu kwa mfano wa hapa hapa nchini.

Katika miaka ya 1990 Mtanzania Mecky Matee wa Muhimbili na wenzake wa Uholanzi waliwachunguza bakteria wa meno wa watoto wa Tanzania. Mwaka 1992 walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wanyonyao ambao meno yao yalikuwa yameoza vibaya. Na mwaka 1996 wakaandika makala iliyogusa mzizi wa jambo lenyewe. Ilijulikana kwamba watu wengi wa Afrika wanao bakteria hao kwa wingi, na hata hivyo meno yao hayakuoza kama ya watu wa nchi tajiri. Kwa nini? Makala yao ilieleza kwamba kuoza kwa meno hutegemea zaidi chakula kuliko aina ya bakteria hao waliomo kinywani.

Fikirini maana ya neno hilo. Babu zetu wa Karagwe walikuwa na bakteria huyo huyo. Lakini walikula ndizi, maharage, mtama na nyama, na kutafuna kahawa iliyokaushwa walipokaribishana. Sukari nyeupe haikuwa mezani pao kila saa. Adui alikuwa amelala na njaa mlangoni. Sisi ndio tuliomwandalia karamu.

Hatusemi haya ili kuwagombeza wakulima wa miwa wala wafanyakazi wa kiwanda cha sukari kule Missenyi, ambao hufanya kazi ya halali na kulisha watoto wao. Twasema tu kwamba biashara ya vinywaji vitamu imefika kila duka la kijiji, wakati mganga wa meno hajafika. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika chakula isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tuipatayo kwa siku, na kwamba ingekuwa bora zaidi isizidi nusu ya hiyo. Na taarifa ya Shirika hilo ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu kama bilioni 2 duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza bila kutibiwa, na watoto kama milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Hawa si watu wa nchi tajiri tu. Ni watoto wa madereva, wa vibarua, wa wakulima na wa makarani.

Jino bovu si jambo la aibu ndogo. Mfanyakazi asiyelala usiku kwa maumivu hawezi kushika jembe wala usukani asubuhi. Mtoto aumwaye hasikii asemalo mwalimu. Na jipu la jino, likiachwa, laweza kuvimbisha shingo na kuziba pumzi. Watu wamekufa kwa jambo lililoanza na tundu dogo kama punje ya mtama.

UJINGA HUUMIZA

Faida ya pili ya maabara ni kuondoa ujinga, hasa ule unaoumiza watoto. Tangu miaka ya 1980 ilienea katika sehemu mbalimbali za Tanzania imani ya kile kiitwacho meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha au akishikwa na homa, husemwa kwamba ndani ya ufizi wake mna jino baya la plastiki. Huitwa mtu akaupasua ufizi na kung'oa chipukizi la chonge ambalo halijaota. Majirani zetu wa magharibi ya Uganda nao wana imani ya namna hiyo, nao huyaita ebiino.

Hakuna jino la nailoni. Kilichotolewa ni jino la kweli, changa, lililokuwa likingojea zamu yake. Kuhara kulisababishwa na vijidudu vya tumboni, na homa huenda ni ya malaria. Mtoto aliyehitaji maji ya chumvi na sukari na kupelekwa zahanati, badala yake humwaga damu, na chombo kisichochemshwa humtia maradhi mengine. Kijana aliyewahi kuona kwa hadubini kile kilicho katika ncha ya msumari, akirudi Rubwera na kuwaeleza akina mama na bibi kwa adabu, aweza kuokoa maisha ya watoto kabla hata hajapata shahada yake.

Watu wa Kagera hawahitaji kuhubiriwa sana juu ya virusi. Ni katika mkoa huu, mwaka 1983, walipotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, na hakuna ukoo usiokumbuka miaka iliyofuata. Mwaka 2023 ulikuja ugonjwa wa Marburg, ukawapata watu 9 na kuwaua 6. Mwezi wa Januari 2025 ukatokea tena, safari hii Biharamulo, na sampuli ikapimwa katika maabara ya kuhamishika iliyokuwa humu humu mkoani, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Wale waliokaa mbele ya vyombo hivyo, wamevaa mavazi ya kujikinga, walikuwa wanafunzi siku moja. Hapakuwa na mtu aliyezaliwa akijua kuchuja virusi. Walijifunza kwa mambo yasiyo na hatari kubwa, kama mate na ukoga, hata mikono yao ikazoea usafi, uangalifu na ukweli. Nchi isiyowafundisha vijana wake kwa mate, itafundishwa na msiba.

YATUPASAYO

Basi tumjibu mzazi wa Rubwera waziwazi. Kahawa yako haikupotea, lakini haijarudisha faida yake yote bado. Itarudisha endapo mambo machache yatatimizwa.

La kwanza ni la mwanafunzi mwenyewe. Taarifa yake isilale katika rafu ya chuo kwa Kiingereza peke yake. Aliyechukua mate ya watoto wa shule hana budi kurudi kuwaambia walimu na wazazi alichokiona, kwa Kiswahili, katika kurasa mbili tatu. Mwenye mate ana haki ya kujua habari za mate yake.

La pili ni la halmashauri na viongozi wa afya. Tukumbuke kwamba Tanzania imewahi kuifundisha dunia jambo kubwa katika utabibu wa meno. Katikati ya miaka ya 1980, katika nchi yetu, Jo Frencken na wenzake walianza njia ya kutibu jino lililotoboka kwa vyombo vya mkono tu: kuondoa sehemu laini iliyooza, na kuziba tundu kwa kijazo kinachogandamana na jino. Hakuna mashine ya umeme, na mara nyingi hakuna haja ya sindano. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo tarehe 7 Aprili 1994, siku ya Afya Duniani, na sasa yatumika katika nchi nyingi. Itakuwa aibu ikiwa njia iliyozaliwa nyumbani itaokoa meno ya watu wa mbali, na mtoto wa Kyerwa akajua koleo peke yake.

La tatu ni la dawa ya mswaki. Mwaka 2021 dawa ya mswaki yenye floraidi iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Floraidi husaidia gamba la jino kushindana na asidi. Yafaa tusome kwenye kasha kama imo, sehemu 1,000 hadi 1,500 katika milioni, na kuwazuia watoto wasiimeze. Tunaongeza tahadhari hii kwa sababu ndugu zetu wa Arusha wana maji yenye floraidi kupita kiasi, na meno yao huwa ya kahawia. Kitu kilicho dawa kwa kipimo huwa dhara kikizidi. Asiye na fedha ya dawa asiache kupiga mswaki, hata wa mti, asubuhi na kabla ya kulala.

La nne latuhusu sote. Tupunguze mara za kula vitu vitamu katikati ya siku. Tusinunue viuavijasumu dukani kwa kila jino liumalo, kwa maana dawa hizo haziwezi kuziba tundu, nazo huwazoesha bakteria hata zisitufae siku ya hatari. Wala tusikubali kung'olewa jino kwa chombo ambacho hatukuona kikitoka katika mtambo wa mvuke au mahali pa usafi.

Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru taifa lilitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Katika tundu la jino maadui hao watatu hukaa pamoja. Maradhi ndiyo yalitoboayo, ujinga ndio ulifichao, na umaskini ndio umngojeshao mgonjwa hata lisibaki la kutibu ila la kung'oa. Kijana aliyeinama juu ya kisahani chake, akihesabu vituta vidogo mmoja baada ya mwingine, yumo katika vita hivyo. Wazazi wake wamempa silaha kwa kuuza kahawa. Sisi tunamtaka jambo moja tu: akishamaliza kuhesabu, arudi nyumbani, aketi nao kitako, na awasomee hesabu hiyo.